Mkia Kushoto

Mwamba wetu huku Saksonia ni mchanga ulioganda,
laini kama mkate wa jana.
Chuma hakiruhusiwi kwenye nyufa; chuma hula mwamba.
Tunapanda na mafundo tu.
Unalisukuma fundo ndani ya ufa kwa kijiti cha mbao,
unalivuta chini mpaka likabe,
kisha unaliamini, au unajifanya unaliamini,
na mguu unaendelea.

Baba, Ekkehard, seremala wa madirisha mjini Pirna,
alikuwa na kopo la biskuti lililojaa kamba za kila unene.
Jumapili za mvua (mwamba uliolowa haupandwi,
hubanduka vidoleni kama gaga la kidonda)
alitumwagia kamba mezani, mimi na Volkmar,
akazima taa.
"Jifunzeni kwa vidole. Siku mtakapolihitaji
macho yatakuwa na kazi nyingine."

Nane nililijua kabla sijajua kusoma saa.
Ni fundo la mwoga, na mimi ni mwoga, sioni haya:
kosa lake huonekana mchana kweupe,
nyuzi mbili zikifuatana kama reli ya kwenda Dresden.
Prusiki nililipendea tabia.
Ukililemea hukaza, ukiliachia husogea;
lingefaa kuoa.
Ngumi ya nyani sikuiweza kamwe.
Ilimchukua Baba jioni nzima kuisuka,
nzito, duara, kiazi cha kamba,
ya nyufa pana tu, zile ambazo hata hofu
hupata nafasi ya kukaa.

Volkmar alipenda bulini.
La haraka. Mkono mmoja watosha,
na hufunduka hata baada ya kubeba mtu.
Na kila fundo lake, liwe lipi, mkia aliuacha kushoto.
Baba alisema kulia.
Walibishana hivyo miaka mitatu,
nami, mjinga, nikidhani wanabishania kamba.

Mwaka wa themanini na mbili alikwenda likizo Bulgaria.
Kadi ya posta ilitoka Munich.
Baba aliisoma amesimama, akaitia ndani ya kopo, chini kabisa,
na jina lile halikutamkwa tena nyumbani.
Alikuwa na fundo moyoni
ambalo vidole vyake, vilivyofundua kila kitu,
havikulipata mwanzo.
Aliendelea kupanda. Peke yake, mara nyingi.
Akirudi alikuwa na vumbi la njano nyusini.

Msimu uliopita nilipanda mnara tuuitao Shangazi Bubu
na Jorinde, binti wa jirani, mwenye magoti ya mbuzi.
Juu ya pete ya pili, ndani ya ufa, nikalikuta:
fundo limepauka, rangi ya mfupa,
uzi mmoja wa kijani bado ukionekana kwenye mkunjo.
Mkia kushoto.

Nililitikisa. Nikalichokoa kwa kijiti. Halikutoka.
"Kuna nini?" akauliza Jorinde kutoka chini.
"Hakuna. Napumzika."
Kamba hukatikia pabovu, hilo hata mtoto analijua,
kwa hiyo sikulitundikia uzito wangu.
Nilifunga langu juu yake, kiganja kimoja,
nikaligusa lile la zamani mara moja zaidi,
nikapita.

Jioni nilimpigia simu Volkmar.
Nikamweleza ufa, pete, mkia.
Akanyamaza muda mrefu, kule kwake redio inaongea habari za mvua.
"Shangazi Bubu," akasema. "Huo sijaupanda hata siku moja."

Ndipo nikaukumbuka ule uzi wa kijani.
Kamba ile tuliinunua themanini na nne,
mimi nimeshika mfuko, Baba akihesabu sarafu.

Nikamwambia.
Nilimsikia akimeza fundo moja la mate,
kisha akaniuliza, polepole,
kama mtu anayepapasa meza gizani,
lilikuwa fundo gani.

"Bulini," nikasema.